Mafuta Yakipanda, Breki Zingoje

Kazi yake ilikuwa kukadiria vifo vya watu asiowajua, na kusema kweli aliipenda. Alikuwa mtakwimu bima: kampuni ilimlipa ili ajue, katika kila watu elfu, wangapi mwaka huu watagongana, wataunguliwa nyumba au watakata kamba, ili wote walipishwe mapema. Majirani walimwita Bwana Huenda. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, hasemi ndiyo wala hapana, anakupa asilimia.

Habari za uchumi alizisikiliza kama wenzake wanavyosikiliza mpira. Mkate ukipanda bei, yeye huwaza shinikizo la damu. Riba ikipanda, husema sasa maduka yenye madeni yataanza kuungua yenyewe, tena mwenye duka akiwa safarini.

Jumatatu moja redio ikatangaza kwamba petroli imepanda tena. Mkewe, dereva wa gari la shule, akatua kikombe kwa kishindo.

"Basi tumekwisha," alisema. "Na breki zenyewe zimeanza kusaga. Itabidi zingoje mwisho wa mwezi, mafuta kwanza."

Mume mwenye akili zake angeshtuka. Huyu aliruka kwa furaha.

"Umeona! Si ndicho ninachowaambia kila siku kazini? Mafuta yakipanda, watu hubana matumizi kwenye breki. Saba kati ya kumi!"

Mkewe akamtazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyekula shati lake. Akachukua funguo akaenda zake.

Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini huyu hata hakujua kwamba nyumbani kwake kuna mgonjwa. Alhamisi akasimama mbele ya wakubwa wa kampuni na mchoro wake ukutani. Akaeleza kwamba petroli ikipanda ajali hupungua kwanza, kwa sababu magari mengi hulala nyumbani. Kisha huongezeka, kwa sababu yale yasiyoweza kulala hutembea na breki mbovu. Wakubwa wakaitikia kwa vichwa, wengine kwa usingizi.

"Hayo yasiyoweza kulala ni yapi?" mkurugenzi akauliza.

"Teksi, mkuu. Malori. Na magari ya shu..."

Hapo ndipo mwanamume mwenye shahada mbili alipokumbuka kwamba ana mke.

Akapiga simu. Haikupokewa, maana ni yeye mwenyewe aliyempiga marufuku mkewe kupokea simu akiwa kwenye usukani. Ilikuwa saa ya kuwarudisha watoto makwao, na njia ya gari lile ilipita nyuma ya ofisi, kwenye mteremko. Akaacha mchoro ukutani na mkurugenzi mdomo wazi, akatoka mbio, tai begani. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Asilimia zote zilimtoka kichwani, ikabaki sura ya mkewe tu.

Gari la njano likachomoza juu ya mteremko. Naye, bingwa wa hatari, mtu asiyeshuka ngazi bila kushika ukuta, akaamua kulisimamisha gari lisilo na breki kwa kusimama mbele yake, mikono juu.

Gari likasimama. Taratibu, kwa adabu zote, hatua chache tu kutoka kwenye kitambi chake. Watoto wakashangilia.

Mkewe akateremsha kioo. "Una wazimu?"

"Breki," alihema. "Breki zako..."

"Nilizibadilisha Jumanne. Na kama ningekuwa sijazibadilisha, sasa hivi ungekuwa wapi, mtaalamu?"

Machozi yakamtoka mbele ya watoto wa watu, wala hakujali.

"Nisamehe, mke wangu. Ulinieleza shida yako, mimi nikakuhesabu."

"Ulinihesabu, ndiyo." Sauti yake ililainika, lakini kidogo tu. "Nilikuwa nangoja uniambie, mama, liegeshe hilo gari. Ukanipa saba kati ya kumi. Nikasema haya, huyu si wa kungojwa."

Akajifuta macho kwa tai. "Pesa ulizitoa wapi?"

"Kwenye ada ya bima yako ya maisha. Mwezi huu sijailipa." Akamfungulia mlango. "Panda twende. Na ufunge mkanda, maana leo ukifa ni hasara tupu."