Goti la Wiam

"Sasa weye Wiam, huko Australia wanakulipa kwa kuanguka?" Bi Arwa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa mjini Ibra, alimuuliza hivyo baada ya kuoneshwa kwenye simu kipande cha mchezo wake.

"Kuanguka ni bure, khala. Nalipwa kudaka mpira."

Bi Arwa akanigeukia mimi, kama kwamba ni mimi niliyemtuma. Nikacheka tu. Mie ni shangazi yake. Nimesoma mpaka darasa la sita, na mchezo ule hata leo sijaujua wote. Lakini mtoto nimemlea mwenyewe, tangu mama yake alipofariki naye ana miaka sita, kwa hivyo ya kwake nayaandika kama nilivyoyaona.

Alikwenda Melbourne na miaka kumi na minane, kwa masomo. Shuleni hapa alikuwa akicheza voliboli, anaruka mpaka mwalimu anasahau kupuliza filimbi. Huko akawaona wasichana uwanjani wanagombea mpira wenye umbo la yai, wanaupiga teke, wanaudaka juu, wanaangushana. Akasimama kutazama. Siku ya pili akaenda tena, akaingia kucheza. Mwaka wa nne klabu kubwa ikamwandikia mkataba. Alimwomba kocha jambo moja tu, acheze na hijabu yake, mikono na miguu imefunikwa. Kocha akamwambia vaa utakavyo, mradi saa kumi na mbili asubuhi uwe uwanjani. Saa hiyo Wiam keshasali alfajiri, keshapanda treni, keshafika.

Alicheza misimu mitatu. Wa tatu ukiwa ukingoni, aliruka, akashuka vibaya, kano ya ndani ya goti ikakatika. Alipasuliwa kule kule, na wiki ya tatu akaja nyumbani na magongo mawili na karatasi za mazoezi. Klabu ilimwambia waziwazi: goti likikunjika na kunyooka sawa, nafasi yako ipo. Lisipokuwa sawa, basi.

Hapo ndipo tulipokosea. Mama yangu, Bi Sheha, kazaliwa Unguja, na kwake yeye aliyepasuliwa ni kama mzazi aliyetoka kujifungua, hulazwa siku arubaini. Anaoshwa kwa maji ya moto, anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga, hashiki kitu. "Karatasi za daktari ziweke huko, mwanangu. Arubaini kwanza." Wiam akisema "Lakini bibi," anatiwa kijiko cha uji mdomoni. Nami, Mungu anisamehe, yale magongo niliyaficha uvunguni mwa kitanda changu. Niliona ni huruma.

Siku ya kumi na moja daktari wake wa huko, mwanamke, akampigia simu ya video, akamwambia akunje goti. Goti halikwenda. Lilikuwa limekakamaa kama ukuni. Yule daktari hakugomba, alimweleza polepole kwa Kiingereza, nami sikuelewa neno. Simu ilipokatika Wiam akatwambia, "Likibaki hivi nitatembea, lakini sitakimbia."

"Kutembea kuna ubaya gani?" mama akasema. "Mimi nna miaka thamanini na tatu, natembea, nimepungukiwa na nini?"

"Bibi, weye uliwahi kukimbia?"

"Mimi? Nani wa kunifukuza?"

Sote tukacheka, na katikati ya kicheko mtoto akalia. Sijapata kumwona akilia tangu siku aliyozikwa mama yake. Nikaenda chumbani nikayatoa magongo.

Mama akayatazama, akasema, "Zisome hizo karatasi. Mara ngapi?"

"Mara thalathini, asubuhi na jioni."

"Fanya thalathini na tatu. Ntakuhesabia." Akatoa tasbihi yake.

Ikawa ndiyo kazi ya nyumba. Wiam kalala mkekani, anaburuza kisigino kuja nyuma, jasho linamtoka, meno kayauma, na mama kakaa kitini kando yake anasogeza chembe moja moja.

"Hiyo haikufika. Siihesabu."

"Wallahi bibi, weye mbaya kuliko kocha!"

"Kocha wako hakupikii uji. Yalla, kunja."

Nimeuguza watu wengi wenye subira. Lakini binti wa miaka ishirini na mitano ajitie mwenyewe katika maumivu mara mbili kwa siku, hapana anayemlazimisha, kisha akimaliza aseme alhamdulillah, huyo sikuwa nimemwona. Nikimtazama nastaajabu kazi ya Mola. Ndani ya goti moja kaweka mambo yote yale, na sie tunakaa na kusimama kutwa bila hata kulikumbuka.

Muda wote huo alikuwa akisali juu ya kiti. Alasiri moja ya Shaabani tulisimama kusali ubavu kwa ubavu. Nilipokwenda sijida nikaona mkono wake umelazwa kwenye msala, karibu na wangu, na paji lake la uso lipo chini. Goti lilikuwa limekunjika. Subhanallah. Sijida ile niliirefusha, nikashindwa kuinuka.

Septemba akarudi uwanjani. Kwetu ilikuwa saa moja asubuhi, tumekusanyika mbele ya televisheni, Bi Arwa kaja na birika la kahawa na halua. Katika mchezo ule kila upande una milingoti minne. Mpira ukipita kati ya miwili ya katikati ni pointi sita, ukipita kando yake ni moja, na hiyo ndiyo kukosa. Wiam akapiga, ukapita kando. Bi Arwa akapiga vigelegele mpaka paka akakimbia.

"Kakosa huyo, Arwa," nikamwambia.

"Kakosa, na pointi wamempa? Watu wema hao!"

Kisha ukaja mpira wa juu. Wiam akaruka, akapanda juu ya mabega ya wenzake kama mtu aliyenyanyuliwa, akaudaka kule juu, na akashuka kwa mguu ule ule. Nikafumba macho.

"Kasimama?" mama akauliza, maana haoni mbali.

Bi Arwa ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake, "Kasimama. Anakimbia."

Timu yake ilishindwa siku ile. Adhuhuri akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Goti?"

"Limevimba kidogo, nimeliwekea barafu. Mechi zimebaki tisa."

Nikamwambia asihuzunike, tutawaombea zote tisa washinde.

"Shangazi," akasema, "msiniombee kushinda. Niombeeni goti hili linifikishe mechi ya mwisho."