Shimo la Ndizi Kule Sibwesa

Siku ile naikumbuka bado, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini, kule Sibwesa, tunaandaa pombe ya ndizi kwa harusi ya baba yako mdogo. Ndizi tulizivundika kama wazee wetu walivyofanya kwetu Burundi: shimo la kufika kifuani, majani ya mgomba juu, kisha udongo. Ndizi ikishakatwa usidhani imekufa. Inaendelea kupumua, inatoa joto, na humo shimoni inamaliza hewa nzuri na kubakiza mbaya. Mimi wakati huo nilijua tu kwamba zinaiva.

Bibi yako, mama mkwe wangu, alikuwa na mwiko wake: shimo lifunuliwe lote na liachwe wazi mpaka mchana kabla mtu hajaingia. Sisi vijana tulimcheka pembeni. Asubuhi hiyo alikwenda kisimani, na baba yako akaona tunachelewa kukamua. Akafunua upande mmoja tu, akaingia.

Mkungu wa kwanza alinipa. Wa pili hakuuinua. Aliinama, akakaa chini kama aliyesinzia, bila hata kuguna. Nilikuwa nimeshateremsha mguu mmoja nimfuate, nikashikwa kitenge kwa nyuma.

"Ukiingia humo, leo nazika watatu," alisema bibi yako, aliyekuwa ametoka kisimani.

Nilikuwa na mimba yako.

Alimwita baba yako mdogo, wakachukua mti wenye ndoano tuliokuwa tunaangulia maparachichi, wakaunasa mkanda wa baba yako, wakamvuta juu. Uso ulikuwa umepauka kama majivu. Tukamlaza penye upepo, bibi yako akampepea huku analia, na mama yule sikuwahi kumwona akilia. Mwishowe baba yako akakohoa, akafumbua macho.

Basi sikia. Ukivundika ndizi, funua shimo lote, liache lipigwe upepo, na hata hapo zitoe kwa ndoano ukiwa juu. Ukiona mtu ameanguka ndani, usimfuate, hata akiwa mumeo. Ita watu, mvuteni kutoka juu. Moyo utakuambia ingia, na utaona kusimama pale ni ukatili. Simama hivyo hivyo.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na siku utakaposahau haya, akuwekee karibu mtu wa kukushika nguo.