Mtamba kwa Saksafoni ya Mtaliano

Nilikwenda Sekenke kwa sababu ya saksafoni. Watu wa Mtinko walidhani nafuata dhahabu, na wengine walinicheka waziwazi kwamba nimechelewa, maana mgodi ule ulikuwa unafungwa. Nilikuwa nimepiga saksafoni miaka mingi katika bendi ya jeshi la Mfalme, na siku ya kuachishwa jeshi nilipewa viatu, mkanda mpana wa ngozi na barua ya kunisifu. Saksafoni yenyewe ilirudishwa stoo. Sasa klabu moja ya dansi ya Singida mjini ilikuwa tayari kunichukua, lakini kwa sharti kwamba nije na chombo changu kabla ya Krismasi. Nikishindwa, walikuwa na mpigaji mwingine Dodoma.

Habari za saksafoni ya Sekenke nilizipata mnadani. Aliyekuwa nayo ni Mnyiramba aitwaye Mkumbo, msaidizi wa mitambo mgodini. Bwana wake, fundi wa Kitaliano, alimwachia alipoondoka, nayo ilikuwa imetengenezwa kwao Italia. Mkumbo alitaka mtamba. Mimi nilikuwa na mtamba mmoja tu, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, na mke wangu, Mama Hango, alikuwa ameshagawa maziwa yake kwa watoto kabla hata hajapandwa.

"Nenda kaitazame, Baba Hango," aliniambia. "Ikifaa, mtoe mtamba, nami nitavumilia. Lakini usiniletee bati humu ndani."

Neno hilo la bati lilinigusa. Mwalimu wetu wa bendi, Mwingereza mwenye masharubu mekundu, alikuwa akisema kwamba saksafoni ya maana hutoka Ufaransa au Amerika, na kwamba za Kitaliano ni bei rahisi kwa sababu ni bati lililopakwa rangi. Sikuwahi kuishika hata moja. Hata hivyo nilikuwa nimeyaamini maneno yale kama Imani ya Mitume.

Asubuhi ya kwanza niliondoka Mtinko kwa baiskeli, mkanda wa jeshi kiunoni na unga wa uwele kwenye mfuko. Mashamba yalikuwa yamevunwa na ng'ombe walikuwa wakila mabua. Mchanga ulikuwa mwingi hata baiskeli ikawa mzigo wangu mimi badala ya kunibeba. Jua lilipoanza kushuka nilifika Nduguti, wakati ule maduka mawili matatu tu, nikapokewa na shemeji yangu Makala, mume wa dada yangu, mtengenezaji wa ngoma. Alinipa maziwa ya mgando na ugali, akaniuliza naenda kufanya nini huko mabondeni. Nilipomweleza alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Yaani utoe mtamba ununue filimbi?"

"Si filimbi, shemeji."

"Haya. Basi ipige kwanza, kisha ununue. Ngoma huwa hainunuliwi kwa macho."

Siku ya pili na ya tatu nilivuka uwanda wa Iramba, nikilala kwa watu. Mchana wa siku ya nne nilifika ukingo wa mlima, nikaona nchi imekatika ghafla na bonde la Wembere likiwa limetandazwa chini, jeupe kwa joto. Breki za baiskeli yangu zilikuwa za kuhurumiwa, kwa hiyo niliteremka kwa miguu.

Sekenke nilikuta nusu ya mitambo imenyamaza. Mkumbo alikuwa mtu mzima kunizidi, mwembamba, mwenye mikono safi isivyo kawaida kwa mtu wa mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mpigaji? Karibu. Kula kwanza, chombo hakikimbii."

Baada ya kula aliitoa ndani ya blanketi. Niseme kweli, niliitamani papo hapo. Nilijifanya mtu wa biashara, nikakunja uso. Niliinyanyua usawa wa jicho nikatazama bomba lake kama mtu anavyotazama ubao kama umepinda; lilikuwa limenyooka. Nilitikisa vyuma virefu vinavyobeba vifuniko, havikucheza. Mahali palipochomelewa palikuwa laini, bila matone. Springi zilirudi upesi. Nilitafuta makosa, nikayapata: rangi ya fedha ilikuwa inabanduka karibu na kidole gumba, na chuma cha vifuniko kilikuwa laini kuliko nilivyozoea, cha kupinda ukikiangusha. Mambo madogo hayo kwa chombo cha bei ile.

Kisha nikaweka tete langu, kile kibao chembamba cha mdomoni kinachotoa sauti, nikapuliza. Sauti za juu zilitoka kwa shida, za chini hazikutoka kabisa. Ilikuwa pumzi tupu. Nikaomba tochi, nikaingia nayo ndani ya tembe kulikokuwa na giza, nikaitumbukiza ndani ya bomba na kufunga vifuniko vyote. Mwanga ulivuja kila upande; vifuniko havikuziba.

Nilifurahi. Hiyo ndiyo kweli, na inanisikitisha kuiandika. Nilifurahi kwa kuwa mwalimu wangu alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa najua.

"Mzee Mkumbo," nikamwambia, "hili ni bati. Mtaliano aliyeiunda hakusawazisha matundu. Mtamba hapana. Naweza kukupa mbuzi mmoja."

Alilipangusa bomba kwa pembe ya blanketi. "Bwana wangu alipokuwa akiipiga hapa, wachimbaji kule juu mlimani walikuwa wanaacha kazi wasikilize."

"Labda zamani."

"Nami nimeitunza. Kila Jumapili, nikitoka kanisani, nafungua vifuniko vyote na kuipaka ile ngozi siagi ya ng'ombe. Ngozi isiyopakwa hukauka ikapasuka. Hata mtoto anajua."

Hapo nikaelewa kila kitu. Chini ya kila kifuniko cha saksafoni kuna kidonge cha ngozi kinachoziba tundu, na ngozi ile hutakiwa iwe kavu. Mkumbo alikuwa ameitunza kama sisi sote tunavyotunza kamba za ng'ombe na ala za visu. Ilikuwa imevimba, ikalainika, ikanasa vumbi la mgodi. Mtaliano hakukosea chochote. Bomba lilikuwa zima, na mimi nililiona kwa macho yangu kwamba ni zima.

Ningeweza kusema. Nilinyamaza. Nilifikiria mtamba, nikafikiria maziwa ya watoto, nikajiambia kwamba biashara ni biashara.

"Basi mbuzi," alisema Mkumbo hatimaye. Mgodi ukifungwa angerudi kulima, na alihitaji mnyama wa kuanzia. Tulikubaliana aje Mtinko kumchukua mwisho wa mwezi. Nikamwachia mkanda wangu wa jeshi kuwa rehani, nikaifunga saksafoni mgongoni.

Njiani kurudi mlima ulikuwa mrefu maradufu. Nduguti nilikaa siku mbili. Makala alitoa ngozi nyembamba ya mwanambuzi, kavu, bila tone la mafuta, akakata vidonge kwa kipimo cha kila tundu. Ndani yake tuliweka vipande vya kofia yangu kuukuu ya sufu, vipate unene. Tulipobandika cha mwisho nilipuliza sauti ya chini kabisa, ikatoka nene na tulivu mpaka mbuzi wa Makala wakageuka. Zile za juu kabisa zilipanda kidogo kuliko haki yake, lakini midomo ya mpigaji huzishusha. Makala hakucheka tena.

Nilifika nyumbani alasiri. Mama Hango alikuwa anapepeta uwele. Sikumwamkia hata; nilikaa juu ya kinu nikapiga wimbo mzima. Aliweka ungo chini.

"Umetoa mtamba?"

"Mbuzi," nikasema kwa majivuno. "Mbuzi mmoja tu."

Akataka nimweleze ilikuwaje, nami nikamweleza, pamoja na habari ya siagi. Nilidhani atanisifu.

"Maziwa nayataka," alisema. "Lakini hii si sauti ya mbuzi, Baba Hango." Akaendelea kupepeta.

Mwisho wa mwezi Mkumbo alikuja kwa miguu. Kabla hata ya kunywa maji alinikabidhi mkanda wangu. Alikuwa ameupaka siagi. Ulikuwa laini na unang'aa kuliko siku ulipotoka stoo. Niliushika nikakosa pa kutazama.

Nilileta saksafoni nikampigia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akauliza, "Uliifanya nini?"

"Nilibadilisha ngozi. Siagi ndiyo iliyoiharibu, mzee. Mtaliano aliitengeneza vizuri."

"Ulijua tangu pale kwangu?"

"Nilijua."

Nilisimama nikaenda zizini, naye akanifuata. Niliwapita mbuzi nikamwonyesha mtamba mweusi. Mkumbo alimfunua midomo akatazama meno, akampapasa mgongo, akamswaga atembee, akangoja mpaka mtamba akanywa maji. Alimpima pole pole kuliko nilivyopima chombo chake, wala sikumlaumu. Mama Hango alisimama mlangoni akiangalia.

Tangu hapo nimepima saksafoni nyingi za watu, na ya Kitaliano nikiletewa natazama kwanza bomba, vyuma na uchomeleaji, kwa kuwa vitu hivyo fundi wa kijijini hawezi kuvirekebisha. Ngozi naitazama mwisho. Chombo kile nilikipiga Singida Krismasi hiyo na nyingine nyingi.

Lakini siku ile Mkumbo alipotaka kumfunga mtamba kamba, nilimshika mkono.

"Pita upande wa kulia," nikamwambia. "Ukimkaribia kwa kushoto anapiga teke, na huwezi kuliona hilo kwa kumtazama."

Akanitazama, akacheka kidogo, akazunguka kulia.