Tarehe Aliyoombwa Kalenda

Pale redioni walimwita Kalenda, na jina likamkaa hadi mhasibu akawa hana budi kufungua faili kila alipotaka kukumbuka lile la kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kipindi cha dakika tano kila asubuhi: siku kama ya leo nani alizaliwa, nani alikufa, nini kilitokea. Alikuwa na sanduku la kadi, kila tukio na kadi yake, zimepangwa kwa siku za mwaka, na ole wake mtangazaji atakayechomoa moja asiirudishe mahali pake.

Kila kadi ilikuwa na vyanzo viwili, vimeandikwa chini kwa wino mwekundu. Hapo Kalenda hakuwa na mchezo, na sababu yake jengo zima liliijua. Mwaka wake wa kwanza kazini alimuua mwimbaji mmoja wa zamani kwa kutegemea gazeti moja tu. Kabla kipindi hakijaisha, simu ya studio ikalia. "Mimi ndiye marehemu," sauti ikasema. "Kwa kuwa mmeshanizika, basi angalau nipigieni wimbo wangu." Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kalenda hakucheka, na tangu hapo hakumuua tena mtu kwa kubahatisha.

Desemba kumi na moja ni siku iliyojaliwa mambo. Kuna mfalme aliyeacha kiti cha enzi kwa ajili ya mwanamke. Kuna mwimbaji aliyepigwa risasi hotelini akiwa bado kijana, na kuna watu wa mwisho kutua mwezini. Kalenda alizichambua kadi hizo, akachukua tatu, akampelekea mtangazaji wa asubuhi, mama mmoja mcheshi asiyejua kunong'ona.

"Mfalme mzima aache kiti?" mtangazaji akasema. "Wangu mimi hata rimoti haachi!" Akacheka peke yake, halafu mkono ukamwenda mdomoni. Alikuwa amekumbuka leo ni siku gani kwa mwenzake. "Dada, nisamehe. Nimejisahau."

"Usijali. Anza na ya mwezini, ndiyo fupi."

Hakusema hivyo kwa ujasiri. Kweli hakuumia. Mume wake alikuwa fundi wa friji, na tarehe hiyo, miaka tisa iliyopita, aliondoka nyumbani saa mbili asubuhi kwenda kutengeneza friji ya muuza nyama. Muuza nyama akamngoja mpaka nyama ikaharibika. Kalenda alizunguka vituo vya polisi, akazunguka hospitali, akafungua droo za mochwari ambazo hakuna mtu anayepaswa kuzifungua. Hakukuwa na maiti wala barua, hata umbea wa mwanamke mwingine haukusikika. Mwaka wa kwanza alilia. Kisha siku moja kilio kikakatika kama umeme na hakikurudi. Akawa anakula, anapiga pasi, anawahi kazini, na watu wakamsifu kwamba ana moyo. Mwenyewe alijua hana moyo wowote. Ilikuwa ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa vibaya.

Alasiri alipofika nyumbani alimkuta mama mkwe wake ameketi kitandani. Waliishi wawili tu, tangu mwaka ule. Miguu ya bibi huyo ilikuwa imevimba, na mapajani alikuwa na mashati mawili ya mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, ukae." Akasubiri Kalenda akae. "Nimesikiliza kipindi chako. Wafu wa nchi za mbali umewapa siku zao. Wangu je?"

"Mama, sisi hatujui kama amekufa."

"Najua kwamba hatujui, na kutojua kwenyewe kumenichosha. Daktari kasema moyo wangu umechoka, kilichobaki ni kidogo. Sitaki kufa nikiwa nimekodolea mlango macho. Nataka siku moja nimlilie mwanangu, nimalize. Lakini nikiichagua mimi nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Wewe kazi yako ni kuwapa watu tarehe. Nipe yangu."

Kalenda alitazama ile miguu. Hakuwa hata na chanzo kimoja. Akisema amekufa, atakuwa amesema asichokijua. Asiposema, bibi huyu ataondoka duniani akingoja. Alijitafuta ndani kama kuna kinachokataa, akakuta kimya kilekile cha kila siku.

"Alikufa siku ileile, mama. Desemba kumi na moja."

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Aliteseka?"

"Hapana, mama. Hata kidogo."

Bibi akajifunika uso kwa yale mashati, akalia. Alilia kwa sauti, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni, mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni, akarudi kwake kimyakimya. Baadaye akajifuta, akaomba chai, akanywa kikombe kizima. Akasema mashati wapewe watu wayavae, yasiendelee kuliwa na nondo. Kisha akajilaza na kugeukia ukutani. Uso ulikuwa umemlegea, uso wa mtu aliyetua mzigo.

Kalenda akabeba kikombe hadi jikoni. Alijiambia amemfariji mzee, basi, wala yeye hakuna kilichombadilikia. Akafungua maji, akapaka sabuni.

Lango la nje likalia, na hatua za mwanamume zikaja mpaka mlangoni. Kwa miaka tisa, kila lango lilipolia, mama mkwe ndiye aliyekuwa akiita kutoka chumbani, "Nani huyo?" kabla mgeni hajabisha. Safari hii chumbani kulikuwa kimya. Kalenda akasimama na kikombe mkononi, povu likimtiririka hadi kiwikoni, moyo ukimwenda mbio mpaka ukauma. Kumbe miaka yote hiyo bibi alikuwa akimngojea yule mtu kwa niaba yao wote wawili, na leo ameacha.

"Nani huyo?" akaita. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Msoma mita ya maji, mama."

Alikwenda kumfungulia, na kabla ya kumwonyesha mita ilipo, alimtazama kwanza usoni.