Siku Niliyomvunja Shemeji Taya

Nilimvunja shemeji yangu taya saa nne asubuhi, mbele ya kiwanda kizima, na hakuna aliyenizuia.

Naisimulia mwenyewe msije mkaletewa ikiwa imetiwa chumvi.

Tulikuwa mafundi watatu kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia. Mimi, shemeji aliyemwoa dada yangu, na mwenzetu tuliyemwita Twiga kwa urefu wake. Shemeji ndiye aliyekuwa msimamizi.

Siku hiyo tulikuwa tunasafisha mtambo wa kupasha mafuta. Ni pipa refu la chuma, limelazwa, ndani lina mirija zaidi ya mia mbili. Mafuta yanapita ndani ya mirija, mvuke unaizunguka kwa nje. Havikutani. Kinachovuka ni joto tu.

Mirija ikishika ukoko, unafunga njia zote, unamwaga mafuta, unafungua kifuniko cha mbele, unaisugua.

Sasa, jana yake shemeji na Twiga nusura washikane mashati. Mke wa Twiga alikuwa amejifungua, Twiga akaomba ruhusa, shemeji akamnyima. Maneno yaliyotoka pale hayaandikiki.

Kwa hiyo asubuhi walifanya kazi bila kusemeshana.

Twiga alikuwa analegeza bolti za mwisho kifuniko kiliporuka. Mvuke na mabaki ya mafuta ya moto vikamvaa usoni, kifuani na mikononi. Baadaye tulipomvua glavu, ngozi ilikuja nazo.

Palepale nikageuka. Shemeji alikuwa juu ya ngazi, anazungusha valvu, koki kubwa ya mvuke, kwa mikono miwili, mvuke unanguruma.

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Amemfungulia mwenzetu mvuke.

Nilimvuta mguu akaanguka chali. Spana ilikuwa mkononi. Pigo la kwanza lilimpata kwenye taya, nikasikia mfupa ukilia. Akawa ananyoosha kidole juu, kule kwenye valvu, mdomo umejaa damu. Nikaukanyaga mkono ule kwa buti. Kisha nikaendelea kumpiga hadi mikono yangu ilipochoka.

Twiga alifariki siku ya tatu. Mwanawe hakuwahi kumwona.

Nilikwenda hospitali kwa hasira zilezile, nikitaka shemeji akiri. Dada yangu alikuwa mlangoni. Akanitemea mate, akanipisha.

Taya lilikuwa limefungwa waya. Shemeji akaomba kalamu kwa ishara, akaandika kwa mkono wa kushoto, polepole:

"Nilikuwa nautoa mvuke nje ya jengo, usizidi kumchoma. Nani aliuacha umo ndani?"

Nilikaa chini sakafuni.

Ni mimi.

Nilifunga njia ya mvuke unaoingia, lakini ule uliobaki ndani ya pipa sikuutoa. Nilimwaga mafuta, nikafunga koki, nikawaambia tayari. Niliona Twiga anafungua upande wa mafuta tu, mvuke unamhusu nini?

Wakaguzi walikuta mrija mmoja umetoboka. Mvuke ulipita kwenye tundu hilo, ukajikusanya nyuma ya kifuniko, ukamsubiri mtu wa kufungua.

"Shemeji," nikamwambia, "nisamehe."

Aliigeuza ile karatasi, akaandika: "Waambie wewe mwenyewe."

Niliwaambia wakaguzi na polisi. Nimetumikia kifungo changu chote. Shemeji anakula vyakula laini mpaka leo, na dada hajanifungulia mlango.

Kama unafanya kazi kwenye mitambo, usiseme upande wa pili haukuhusu. Toa mvuke wote.

Na kama hufanyi, chukua hili. Pale mimi sikuwa na shaka hata kidogo, na kumuuliza "unafanya nini huko juu?" kungenichukua muda mfupi kuliko kuinua spana. Siku hizi nikijikuta nina uhakika mno juu ya ubaya wa mtu, naweka mikono mfukoni, halafu ndipo nauliza.