Mhunzi wa Kibakwe na Karatasi ya Vyumba

Matonya wa Kibakwe alitoka kwa watu wa kupiga. Babu yake alipiga chuma, baba yake alipiga chuma, na siku ambazo chuma hakikuwepo walipigana wenyewe. Meno yake mawili ya mbele yalikwenda na mpini wa nyundo ya mjomba wake, walipogombania mvukuto wa kupulizia moto. Mkewe Dorkasi, aliyebatizwa na wamisheni, alimweleza habari za kugeuza shavu la pili. Matonya akamwambia la pili lilishavunjwa zamani, atafute jingine.

Mdachi alipoanza kuchimba vilima vile, Matonya alikusanywa pamoja na mdogo wake, Methusela. Methusela akapewa sururu, Matonya akapewa kazi ya kuzinoa. Mdachi mwenyewe watu walimwita Bwana Miwani. Kwao Udachi alikuwa mwalimu wa shule. Yote aliyojua kuhusu mawe aliyasoma, na aliyoyasoma aliyatundika hemani: karatasi kubwa yenye vyumba vyumba, kila chumba na herufi moja au mbili.

Mwalimu hata umpeleke porini atafundisha tu. Mchana, watu wakipumzisha migongo iliyochanwa na kiboko, alimwita mhunzi mbele ya ile karatasi. Mkalimani alikuwa Abbasi, Mrangi wa Kondoa aliyeokota Kidachi pwani akiwauzia askari tumbaku.

"Anasema dunia yote imetengenezwa na hawa," Abbasi akafasiri. "Mia hawafiki. Kila chumba kina mmoja, na huwezi kumvunja akawa kitu kingine."

"Hata kwa nyundo kubwa?"

"Hata kwa kichwa chako."

Bwana Miwani akaendelea na kijiti chake. Wamepangwa kwa uzito, yule hewa mwepesi kuliko wote mwanzo, risasi huko mbele kwa wazito. Huyu chuma. Huyu kaboni, ndiye aliyemo kwenye makaa yako. Huyu salfa, wa manjano, akiungua ananuka mpaka unakohoa. Wanaofuatana kwenda chini ni ukoo mmoja na tabia zao zinafanana, ndiyo maana shaba, fedha na dhahabu wamekaa pamoja. Hilo Matonya alilishika upesi, maana kwao pia kila ukoo una mwiko wake.

"Na hawa wa pembeni kabisa?"

"Hao hawaungani na mtu. Wamekaa tu."

"Kama Shaaban," Matonya akasema.

Shaaban alikuwa askari wa kiboko, na alikuwa nyuma yao. Alimchapa Matonya mgongoni mara mbili, kisha akaendelea kukaa tu.

"Muulize chumvi iko chumba gani," Matonya akasema huku anajipapasa.

Abbasi akauliza, akarudi anacheka. "Haina chumba. Chumvi ni wawili walioungana. Mmoja metali laini, akiguswa na maji anawaka. Mwenzake hewa ya kijani, ukiivuta unakufa."

"Mbona tunawala kila siku?"

"Wakishaungana, kila mmoja anaacha tabia yake. Wanakuwa mtu wa tatu."

Matonya alilitafuna neno hilo siku nzima.

Wiki iliyofuata sururu zikafukua jiwe la manjano linalong'aa. Bwana Miwani akapiga magoti, akalia, akawapelekea wakubwa wake barua nne. Dhahabu. Kuanzia siku hiyo wachimbaji walivuliwa nguo kila wakitoka shimoni, wakapekuliwa mpaka kwenye nywele, na aliyecheka alipasuliwa mdomo. Sasa Methusela, kwa akili zake, alitaka kaka yake alione hilo jiwe linaloliza Wazungu. Akatia kokoto moja shavuni. Shaaban akamsalimia, naye akajibu kama mtu mwenye jipu.

Hukumu haikuchukua muda. Kwanza viboko hamsa ishirini, kisha bomani Mpwapwa, na aliyeiba dhahabu ya serikali huko hakutegemewa kurudi. Wakamlaza kifudifudi, wawili wakamshika mikono, wawili miguu. Kiboko cha tano kilichana ngozi. Cha nane kilirusha damu mpaka kwenye buti la Shaaban, naye akasimama kidogo kulifuta.

Matonya alikuwa ameshika koleo. Alimpiga nayo Shaaban begani, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Askari wa pili alimpata gotini. Kisha wakamfikia wote, kwa vitako vya bunduki, na jicho lake moja likafunga.

"Abbasi," akasema akiwa chini, mdomo umejaa damu, "mwambie hilo jiwe ni la uongo. Sururu zilizoligonga zinarudi kwangu zinanuka salfa. Anipe moja na moto. Likiwa dhahabu, atupeleke wote wawili kwenye kamba."

Bwana Miwani alichukia sana. Lakini mwalimu akiambiwa amekosea, hawezi kulala mpaka akuonyeshe kwamba uliyekosea ni wewe. Akatoa jiwe.

Matonya akaliweka juu ya fuawe, akainua nyundo. Dhahabu ukiipiga inalala, inatanuka kama unga uliokandwa. Hili lilitoa cheche, likapasuka vipande vipande. Akavisukumia vipande kwenye makaa, Methusela aliyelowa damu akavuta mvukuto. Moshi ulipotoka, kila mtu alirudi nyuma anakohoa, hata Bwana Miwani, machozi yanamtoka chini ya miwani. Kilichobaki kilikuwa bonge jeusi, bovu. Lilipopoa, Bwana Miwani alitoa sumaku yake ya kufundishia. Bonge likairukia.

Matonya akajikokota hadi hemani. Kusoma hakujua, ila alikumbuka kijiti kilipita wapi. Akaweka kidole chenye damu kwenye chumba cha chuma, kisha kwenye chumba cha salfa.

"Hawa wawili," akasema. "Wameungana, wamevaa nguo za dhahabu."

Bwana Miwani alizitazama zile alama mbili nyekundu, kisha meza yenye nakala za barua zake nne. Akasema neno moja. Abbasi hakulifasiri.

Jioni ile Methusela akaachiwa, maana hakuna anayenyongwa kwa kuiba chuma kibovu. Bega la Shaaban lilikuwa kesi nyingine. Matonya akalazwa palepale, akahesabiwa hamsa ishirini kamili, na Shaaban aliomba apige mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Hakuwa na shabaha kwa mkono huo, kwa hiyo vingine vilitua shingoni, vingine kwenye masikio.

Methusela alimbeba kaka yake mgongoni kuteremka Kibakwe, mgongo mbichi juu na mgongo mbichi chini, kila hatua wanaguna wote wawili.

"Kaka, ungewaacha wanipeleke. Wewe una mke."

"Tembea taratibu," Matonya akasema. "Na hicho kijiwe kingine ulichonacho shavuni, kiteme."

Methusela akakitema.