Kondoo Aliyenona Gitothua

Yule kondoo wa mke wa shemeji yangu nilimchukia kuliko yeye mwenyewe. Kondoo hana makosa, najua. Lakini uende kwa mtu kunywa chai ukute mnyama amenona mpaka anayumba akitembea, na wako nyumbani mbavu zinaonekana, roho itauma tu. Yangu iliuma.

Kijana wangu alikuwa anapeleka ruracio, yaani mahari, kwa kina msichana wake huko mbele ya Thika. Kwetu Wakikuyu mahari haiendi bila ngoima, kondoo dume aliyenoneshwa nyumbani, na wa kumnonesha ni mama. Huyu si wa kununua sokoni. Mama anamfungia kizizini, anamlisha majani ya viazi vitamu kwa mkono wake miezi na miezi, ili siku ya kuchinjwa wakwe waone mafuta na waseme kijana huyu ana mama. Hilo neno nililingoja tangu nimzae.

Sasa mke wa shemeji yangu, yule wa Gitothua, naye akaanza kunonesha wake. "Ni wa kusaidia tu," akasema, "kama wako hatanona vya kutosha." Nani alimwomba? Kijana alikaa kwake alipokuwa chuo, kwa sababu kwangu Theta palikuwa mbali. Akampikia, akamfulia, na kijana akazoea kumwita mami. Mimi mami, yeye mami. Nikisikia nilikuwa nacheka, lakini kicheko cha mdomoni tu.

Mume wangu naye, mtu wa kupima kila kitu kwa kilo, akasema atakayekuwa mnono zaidi ndiye ataenda. Kwake ilikuwa imeisha hapo.

Basi nikaenda Gitothua kuchungulia. Nilimkuta anakoroga chakula cha kondoo kwa ndoo, anaimba wimbo wa kanisa. Nikamuuliza kwa utamu, "Aki huyu unampatia nini?"

"Ni rea..." alisema, na posho mill ya jirani, ile mashine ya kusaga mahindi, ikanguruma, neno la pili likapotelea huko.

Huku kwetu r na l hazina mpaka. Wali ni wari, kulala ni kurara, kulea ni kurea. Nilisikia kulea. Nilisikia mwanamke anayeniambia mbele ya kondoo wake mnono kwamba siri ni kujua kulea, na yeye anajua, na mimi je?

"Ati kulea? Wewe ndiye utanifunza kulea? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi! Wewe ulimpa kitanda na ugali, basi. Mimi nilimzaa!"

Alibaki ameshika pumba mkononi. "Haiya! Kwani nani ameongea mambo ya mtoto?"

Sikungoja. Nilitoka, chai aliyonimiminia nikaiacha kikombeni, na kwetu hilo ni tusi zima.

Jumapili iliyofuata alikuja Theta baada ya ibada, amebeba pakiti ndogo ya unga. Akaiweka mezani, akaongea polepole kama mtu anayemfunza mtoto herufi. "Rea athi. Ni Kizungu. Madini adimu ya udongo." Anafanya kazi kwa duka moja la dawa za mifugo, na mwenye duka alikuwa ameletewa huo unga aujaribu. Ndani mna madini, lanthanamu na seriamu, ndugu za yale yanayowekwa kwa simu na sumaku. Ati kuna wakulima Uchina wanaochanganyia nguruwe na kuku kidogo sana kwa chakula, na wanaona wanakua haraka. Daktari wa mifugo alikuwa amemwambia wazi kwamba wengine wanaona faida, wengine hawaoni kitu, na asithubutu kuzidisha.

Aibu ilinishika, lakini haikukaa. Wivu ulirudi ukaisukuma nje. Kumbe! Kumbe hata si mkono wake, ni unga wa dukani! Na mimi nimekata majani mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, nashindana na kitu cha simu?

"Mpe wako pia," akasema, akiisukuma ile pakiti upande wangu. "Mimi sitaki kushinda."

Hapo ndipo aliniudhi kabisa. Mtu hata hataki kushinda, na anashinda. Nilimshukuru, nikamwekea chai nyingine, na alipoenda nikaitupa pakiti juu ya kabati. Wangu nitamlisha majani, nilisema, kama mama yangu alivyolisha.

Siku ya kuchagua, mume wangu aliwaleta wote wawili pamoja. Akambonyeza wangu mgongoni. Akamshika wa Gitothua mkia, akacheka peke yake kwa furaha. "Tunaenda na huyu," akasema. Nikasema sawa. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, nikajipangusa na leso, nikarudi kuwapakulia chakula.

Kwa wakwe tulipokelewa vizuri, hema, viti vimevalishwa. Mzee mmoja wa upande wao akatoka kumwangalia ngoima. Alimpapasa, akainuka ameshika kiuno. "Ngai! Huyu amenoneshwa na nani?"

Watu wote wakamgeukia kijana wangu. Jasho lilikuwa linamtoka ndani ya suti.

"Na mami," akasema.

Tulisimama wawili.

Hakuna aliyepanga. Miguu yangu ilinyanyuka yenyewe, na nilipogeuka nikamwona naye amesimama, nguo zetu za kitambaa kimoja. Mtu akacheka kule nyuma. Nilimwangalia kijana wangu, naye akaangalia viatu vyake, na nikajua hawezi kuchagua, na hata nikimsukuma hatachagua.

Mwenzangu akakusanya rinda lake, akaketi, akaanza kunipigia makofi. Hema lote likafuata, wanawake wakapiga vigelegele, mzee yule akanipa mkono. Nilibaki nimesimama peke yangu, nikishangiliwa kwa kondoo ambaye sikumlisha hata jani moja. Kile nilichokuwa nakitaka nilipewa chote. Na bado nilimwonea wivu, vile aliweza kuketi.